Jinsi ya kuona ndege na wanyama wa City Park Nairobi: fuata mvua, fuata mti

Watu wengi wakiingia City Park pale Parklands wanatembea mpaka pale kima wamekaa, wanapiga picha mbili tatu, wanakula kachumbari yao kwa nyasi, saa saba wametoka, alafu wanasema pale hakuna kitu, ni nyani tu. Mimi pia nilikua hivyo. Sai nimekaa karibu na hiyo bustani miaka kumi na kitu na nakuambia kwa roho safi, pale kuna hekta 60 hivi katikati ya jiji na sehemu kubwa bado ni msitu wa asili, ule uliokuwepo kabla ya Nairobi kuwa Nairobi, na ndani yake kila mwaka wanapita wageni kutoka Ulaya na kutoka kule kaskazini ya China, na sisi tunapita chini yao tukiangalia simu.

Kitu kimoja tu ndo kilinibadilisha. Niliacha kutafuta mnyama nikaanza kutafuta mvua na mti wenye matunda. Ukijua mvua imenyesha lini na mti gani umeiva wiki hii, utajua nani atakuja na atakaa tawi gani, na mambo mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka hapo.

Kwanza jua miezi yako. Mvua ndefu ya masika inaanza katikati ya Machi mpaka Mei. Juni mpaka Agosti ni ile baridi yetu ya mawingu, jua unalisikia kwa watu wa Mombasa. Septemba joto linarudi, jakaranda zinaanza kupasuka zambarau, na ukiona barabara imefunikwa na maua yake jua vuli imekaribia, Oktoba mpaka Desemba. Januari na Februari ni jua na vumbi. Hiyo ndo kalenda, bandika kwa friji.

Sasa tuanze na vuli juu ndo msimu wenye mambo mengi zaidi, na kama una mwezi mmoja tu wa kwenda kwa mwaka basi nenda Novemba.

Ngoja ile mvua ya kwanza ya maana, si manyunyu, ile inayolowesha udongo mpaka chini. Kesho yake asubuhi na mapema, au hiyo hiyo jioni kama imekatika saa kumi, nenda utafute kumbikumbi. Wanatoka wakati huo juu udongo umelainika na hewa ina unyevu, kwa hivyo wale wawili wawili watakaoshika ardhi wanaweza kuchimba bila kukauka. Usitembee tembee, chuchumaa pale unaona tundu kwa nyasi. Utaona kwanza wale askari wa mchwa wenye vichwa vikubwa vya rangi ya kutu wamezunguka mlango, vichwa nje, hawasogei, alafu wafanyakazi wanapanua shimo, alafu wenye mabawa wanaanza kusukumana kutoka mmoja mmoja, wanapanda jani la nyasi, wanatetemeka kidogo, wanapaa. Vibaya vibaya sana wanaruka, kama mtu amebeba godoro kwa upepo. Wakitua wanapinda mgongo na mabawa yote manne yanadondoka, hapo jike anatembea mbele na dume nyuma anamfuata wameshikana kama treni. Mara ya kwanza kuona hiyo kitu nilikaa chini kwa tope nusu saa na suruali ya kazini.

Alafu sasa inua kichwa, kwa sababu kila mtu amekuja kula. Mwewe wanashika kwa kucha na kula hewani bila kutua, kichwa kinashuka kwa mguu, mguu unapanda kwa kichwa. Kima wanashuka kwa miti wanakaa kwa nyasi na kuokota kwa mikono miwili, shavu linajaa. Mbayuwayu wanapita chini chini. Na huko juu kabisa, kama una bahati na mawingu meusi yanakuja na upepo, utaona kozi wadogo wenye mabawa marefu yaliyochongoka, wengi kwa pamoja, wanazunguka mbele ya mvua. Mwisho wa Novemba na Desemba wengine wao ni kozi wa Amur, na hao nawaheshimu kupita maelezo. Wanazaa kule mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, wanapita India, wanavuka Bahari ya Hindi yote bila pa kutua, wanaingia Afrika Mashariki wakielekea kusini mwa bara. Ndege mwenyewe ni mdogo tu, karibu na njiwa. Na chakula anachotafuta akifika huku ni hao hao kumbikumbi waliotoka kwa tundu ulilochuchumaa jana.

Kitu cha pili cha vuli ni masikio. Kuna ndege anaitwa kekeo kifua-chekundu, ana kifua cha rangi ya kutu, mgongo wa kijivu, na humuoni, nakuambia ukweli unaweza kumsikia mwezi mzima na usimuone ata mara moja. Anapiga mlio wa sauti tatu zinazoshuka, kwa nguvu, anarudia rudia mpaka unachoka wewe. Mvua ikikaribia ndo anaanza, masika na vuli, kiangazi ananyamaza kabisa, ndo maana wengi wanamwita tu ndege wa mvua. Ananyamaza juu kazi yake yote iko kwa mvua: hajengi kiota, anataga kwa kiota cha ndege wengine kama kurumbiza, na hao wanazaa wadudu wakiwa wengi. Kwa hivyo ukitaka kumuona mfuate kwa utaratibu, simama chini ya mti anapolia, usisogee, angalia matawi ya katikati si ya juu, na mtafute mkia na kifua, kwa sababu huwa anakaa ameinama mbele kidogo. Tafadhali usimpigie sauti yake kwa simu ndo aje. Anakuja kweli, kwa hasira, akidhani kuna dume mwingine ameingia kwake, na anaacha shughuli zake kwa sababu yako. Niliona kikundi kimoja kikifanya hivyo zaidi ya dakika kumi na tano, ndege anazunguka tu juu yao mpaka akachoka.

Usimchanganye na tipitipi, wengine wanamwita dudumizi. Huyo naye anatabiri mvua kulingana na wazee lakini mlio wake ni kama maji yanayomwagika kutoka kwa chupa yenye shingo nyembamba, du-du-du-du inashuka alafu inapanda tena. Yeye anakaa vichakani chini, ni mkubwa, mabawa ya kahawia, anaruka kama amelazimishwa.

Wale wageni wengine wa kutoka Ulaya na Asia wanaanza kufika Septemba na wengi wanakaa mpaka Machi Aprili. Mbayuwayu wa Ulaya mtambue kwa koo: koo jekundu la kutu, chini yake mkanda mweusi wa bluu, tumbo jeupe, na mkia una nyuzi mbili ndefu. Wale wetu wa hapa wanaojenga viota vya udongo chini ya paa kwa majumba wengi wana michirizi kwa tumbo, basi hapo umeshawatofautisha. Kerem wa Ulaya, yule wa kula nyuki, wasikilize kabla ya kuwaona, prruu prruu juu sana angani, kundi la thelathini hivi linapita, na watu wote kwa steji hakuna ata mmoja ameangalia juu. Septemba mwisho na Oktoba wanashuka kusini, Machi na Aprili wanarudi. Kwa vichaka kuna kandege kadogo ka kijani na manjano, gramu kumi hivi, yaani uzito wa shilingi chache kwa mkono, kanatikisa mkia na kuchakura majani bila kutulia, nako kametoka Ulaya au ata Urusi. Kuna mwenzake, akiwa dume ana kofia nyeusi, akiwa jike kofia ya kahawia, huyo mtafute kwa miti yenye vitunda vidogo vidogo.

Na hapa ndo naingia kwa mti, juu vuli ikiisha na mvua ikikauka, Januari na Februari, mti ndo kila kitu.

Mti wangu ni mugumo, ule mtini mkubwa wa porini. Kila mtu anajua mugumo Nairobi lakini kitu wengi hawajui ni kwamba mugumo hauna msimu mmoja. Kila mti una kalenda yake. Huu unaiva Januari, ule wa mita mia mbele unaiva Machi, mwingine Agosti. Na ni lazima iwe hivyo, juu ua la mugumo liko ndani ya tunda lenyewe na linachavushwa na kanyigu kadogo sana kanakoingia humo ndani na kanaishi siku chache tu, kakitoka kanahitaji kupata mugumo mwingine ulio tayari hapo hapo. Miti yote ikiiva mwezi mmoja hako kanyigu kangekufa na mugumo ungeisha. Kwa hivyo kila wakati wa mwaka kuna mugumo fulani kwa eneo lako una karamu, kazi yako ni kujua ni upi. Utaujua kwa chini, si kwa juu: matunda yaliyoanguka yamekanyagwa, harufu tamu kidogo ya kuchacha, mavi ya ndege yenye mbegu kwa majani ya chini. Ukipata hivyo kaa. Dakika arobaini usitoke.

Utaona nini? Ninga, hao njiwa wa kijani, mara ya kwanza utadhani majani yanatembea, wanakula wakining'inia kichwa chini kama kasuku na mapaja yao ya njano yanaonekana. Turako, huyu ndo ndege mzuri kuliko wote wa hiyo bustani kwa maoni yangu na sitabishana na mtu, kijani kibichi kiwiliwili, kichwa cha bluu nyeusi, anakimbia juu ya tawi kama kindi, unaweza kusema ni wa kawaida tu mpaka aruke, hapo mabawa yanafunguka mekundu kama damu. Ule wekundu ni rangi ya kweli yenye shaba ndani yake, shaba kabisa ile ya nyaya, ni ndege wa jamii yake tu ndo wanayo. Na miezi mingine bila taarifa wanatokea hondohondo wakubwa, weusi na weupe, mdomo una kofia kubwa juu, mabawa yanafanya sauti kama mtu anapepeta mchele kwa ungo. Hao wanahama hama wakifuata matunda, wiki mbili wako, wiki ya tatu hawapo, na usipojua habari ya mugumo utasema ni bahati.

Mzee mmoja aliyekuwa anafagia njia za pale ndo alinifundisha hii habari ya mti. Nilikua nazunguka na darubini, natokwa jasho, sijaona kitu, akaniangalia akaniambia, msichana wangu, unatembea sana. Nikamuuliza, sasa mzee nikae wapi? Akanionyesha kwa ufagio mugumo ambao nilikua nimeupita mara mbili asubuhi hiyo. Kaa pale, akasema, wenye nyumba wanarudi saa mbili. Saa mbili na dakika chache nikahesabu ninga kumi na saba.

Masika nitapita haraka juu mambo mengi yanafanana na vuli, kumbikumbi, kekeo, na wageni wakirudi kwao. Tofauti ni vipepeo. Aprili mwisho mpaka Juni mwanzo, siku ile jua linatoka baada ya siku tatu za mvua, nenda saa nne asubuhi (kipepeo si ndege, usiamke saa kumi na mbili kwa ajili yake, anangoja joto) na usimame pale njia ina tope lililoanza kukauka. Wanakuja kunyonya chumvi kwa tope, kikundi kizima, na ukipiga magoti polepole unaweza kufika karibu mpaka uone ule mrija wao umekunjuka. Miaka mingine baada ya mvua nzuri unaona vipepeo weupe wanapita Nairobi maelfu, wote upande mmoja, siku nzima, wanavuka barabara na paa. Ukiona hivyo andika tarehe na upande wanaoelekea.

Masika pia angalia unapokanyaga. Siafu wanahama sana kwa mvua, mstari mweusi unaovuka njia, ruka usisimame. Vaa gambuti au chomeka suruali ndani ya soksi. Na kuna yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi tunamwita Nairobi flai, ambaye ni mende mdogo kwa ukweli, si nzi. Haumi. Lakini ukimponda kwa ngozi maji yake yanachoma na kesho una lengelenge. Akikutua mpulize tu, na kama umeshamponda osha na sabuni saa hiyo hiyo na usijiguse macho.

Baridi, Juni mpaka Agosti, wengi wanaacha kuja na nawaelewa. Lakini baridi ina raha mbili. Moja ni maua: shubiri zinatoa maua yake mekundu na chungwa, alafu kuelekea Agosti na Septemba muhuti unaangusha majani yote na kubaki maua mekundu matupu, na hapo chozi wanajaa. Ukisimama mwanga ukiwa nyuma yako utaona dume anavyobadilika kutoka mweusi mpaka kijani cha chuma akigeuza kichwa. Mbili ni kima wenyewe. Asubuhi ya baridi wanachelewa kuamka kama sisi, jua likichomoza kidogo wanapanda juu kabisa kwa matawi ya nje, wanafungua kifua, wanakaa wakitafutana chawa, na mtoto anachungulia kutoka kwa tumbo la mama. Ule mkufu mweupe wa shingoni ndo unakuonyesha huyu ni kima, si tumbili na si nyani.

Sasa habari ya kuwalisha. Najua kuna watu wanauza njugu na ndizi na ni riziki yao, na najua watoto wanapenda. Mimi nawaomba msilishe. Kima akizoea mkono wa binadamu anaacha kuomba anaanza kunyang'anya, na akinyang'anya mtu anaitwa mbaya, anapigwa mawe. Mwaka fulani dume kubwa lilivuta mfuko wangu wa plastiki, mimi kwa ujinga nikavuta pia, akanikwaruza mkono. Ikitokea kwako, umwe au ukwaruzwe, osha na maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaambie wakuangalie habari ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama itavimba. Na chakula chako kiweke ndani ya begi lenye zipu, si mfuko unaosikika kwaraa kwaraa.

Mambo madogo ya kujua kabla ya kwenda. Ingia upande wa Limuru Road karibu na soko la City Park, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu ndo wakati mzuri, jioni kuanzia saa kumi. Usiende peke yako kwa njia za ndani za msitu, nenda watatu wanne, na simu isiwe mkononi muda wote, watu wameibiwa pale na sitakuficha. Vaa rangi za kufifia, kijani, kahawia, kijivu. Darubini ikiwezekana, 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha kabisa, na kama huna, pumzika, nusu ya haya niliyoandika nimeyaona kwa macho matupu. Ukiwa na simu pekee unaweza kuweka lenzi yake kwa tundu la darubini ya rafiki na picha inatoka poa. Ukiona kiota au bundi amelala, usitangaze mahali penyewe mtandaoni, sema tu City Park inatosha.

Kama hujawahi kabisa na unaogopa kuanza, wale Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wanakutana pale Makumbusho ya Taifa alafu wanaenda sehemu mbalimbali za jiji. Yalianza 1971 na mpaka leo yanaendelea. Nenda mara tatu, utafundishwa mambo ambayo mimi ilinichukua miaka.

Ukipita upande wa makaburi, simama kidogo. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965, amelala hapo, na Joseph Murumbi aliyewahi kuwa makamu wa rais alitaka kuzikwa karibu na rafiki yake, yuko hapo na mke wake Sheila. Ni sehemu tulivu sana ya hiyo bustani, na ile miti iliyo karibu nimeonea turako mara nyingi kuliko kwingine kote.

La mwisho ni daftari. Kila ukienda andika tarehe, saa, mvua ya mwisho ilinyesha lini, mti gani una matunda au maua, na nani ulimuona anafanya nini. Ata siku hujaona kitu andika hujaona kitu. Unaweza pia kutuma kwa programu za kurekodi viumbe kama Kenya Bird Map au eBird au iNaturalist, na picha za wadudu na vinyonga hiyo iNaturalist inasaidia sana kupata jina. Lakini daftari lako usiliache, juu kuna kitu programu haikukumbushi. Mbayuwayu wa kwanza wa msimu ni rahisi, unamuona Septemba unaruka, unaandika. Wa mwisho ndo kazi. Siku unayomuona hujui kama ni wa mwisho, anapita tu kama wengine. Kwa hivyo kuanzia Machi katikati mimi naandika mbayuwayu kila siku ninayomuona, ata kama ni mmoja, ata kama niko kwa matatu nimebanwa dirishani, naandika tarehe tu na alama ya vema, alafu Mei ikifika naangalia nyuma nione alama zimeishia wapi.